Zamu ya Mzee Harbans

Tulikuwa watatu ukingoni mwa mto siku ile ninayoikumbuka: mimi, mdogo wangu wa mwisho, Neema, na jirani yetu wa Southall, Mzee Harbans, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu aliyestaafu udereva wa basi. Alituendesha kutoka London hadi Wales akipiga Kiswahili chake njia nzima. Daktari alikuwa amemwambia goti lake halitavumilia tena maji baridi. Ile ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kuingia mtoni.

Mwanangu, samoni ni samaki wa kustaajabisha. Huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi akipanda maji yanayomsukuma nyuma, na njia nzima hali kitu. Kwa nini basi aume chambo cha manyoya? Mzee alisema ni hasira tu. Mimi hadi leo sijui, na huko kutojua ndiko kunakomfanya mtu asimame majini kutwa bila kuchoka.

Pale penye maji mazuri husimama mvuvi mmoja tu, na zamu ilikuwa ya Mzee. Akanipa mimi.

"Ingia, binti. Akishika, usivute. Mwache ageuke na mshipi kwanza."

Nikatupa mshipi, nikapiga hatua moja kufuata maji, nikatupa tena. Ghafla mshipi ukakaza. Sasa, mimi niliacha shule darasa la saba wazazi wetu walipofariki, nikalea wadogo zangu wanne. Tangu hapo, chochote kilichonifikia nilikikamata kabla hakijapotea. Nikavuta. Samoni akaruka juu, mrefu kama mkono wangu, anang'aa kama sufuria mpya. Kisha mshipi ukalegea.

"Wewe Rehema!" Mzee akapaza sauti. "Kwani huyo ni basi linakuacha stendi?"

Neema alicheka mpaka akaketi majanini. "Dada ndivyo alivyo, Mzee. Nikitaja tu kuhamia Glasgow, ananivuta hivyo hivyo."

Mzee hakucheka. "Unashika kama mtu anayeogopa," aliniambia. "Rudi juu ulikoanzia, tupa tena."

"Lakini ni zamu yako, Mzee."

"Nimesema rudi."

Alasiri, mvua ikinyesha, mshipi ukakaza tena. Safari hii niliuachia. Samoni akageuka, akaondoka nao kwa kishindo, na moyo wangu ukaenda naye! Nilipomfikisha ukingoni, Mzee alinionyesha jinsi ya kumshika mkiani, kichwa kikielekea maji yanakotoka, kwa kuwa kule sheria ni kumrudisha. Nilimhisi akipata nguvu viganjani mwangu. Nilitamani kumshika dakika moja zaidi. Nikafungua mikono.

Tulipofunga vyombo, Mzee alikuwa hajatupa mshipi hata mara moja.

Nakusihi, mwanangu: unachokipenda sana, usikinyakue. Kipe muda wa kukujia, na kikipata nguvu zake, kiachie kiende. Neema sasa yuko Glasgow, na hunipigia simu kila Jumapili bila kukumbushwa. Mungu akupe mikono yenye nguvu, na akupe moyo wa kuilegeza.

Mzee Harbans bado yuko mtaa ule ule, goti limefungwa bendeji. Nikimtembelea huniambia nimsimulie tena yule samaki, nami humsimulia. Ile zamu yake, bado sijajua nitairudisha vipi.