Migomba Iliyougua Kwenye Simu

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu. Masomo ya jioni ndivyo yalivyo. Darasani kwetu pale Bukoba nilikuwa mtoto kuliko wote, na monita wetu alikuwa na wajukuu. Mwalimu akisinzia, tulisinzia naye kwa heshima. Nilitoka pale na cheti, na juu ya cheti nikatoka na ufundi ambao hakuna aliyenifundisha: kutengeneza kurasa za mtandaoni, kwa laptop ya mtumba yenye uzito wa mkungu wa ndizi na kelele ya mashine ya kukoboa kahawa.

Kusema kweli sipendi kurasa zenyewe, napenda mbwembwe zake. Zamani, ukitaka picha ijae ukungu au maandishi yaingie yakinyata, uliandika programu ndefu kama litania ya watakatifu wote. Siku hizi kivinjari kimesoma. Unakiandikia mistari michache tu: hapa tia ukungu, hapa zungusha rangi, hapa kata picha kwa umbo la jani, na yote yafuate kidole cha msomaji. Akisogeza ukurasa, mambo yanakwenda. Akirudisha, yanarudi. Mara ya kwanza jambo hilo lilipotokea, chumbani kwangu Hamugembe, nilisogeza ukurasa juu na chini mpaka wali ukaungua na mama mwenye nyumba akaja kugonga kuuliza kama niko hai.

Sasa, mwanamume wa namna hii akitaka kuoa Buganguzi ana kazi. Mchumba wangu ni mwalimu Muleba mjini, lakini kwao ni Buganguzi, na baba yake ni mkulima wa migomba na kahawa, tena mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu anayeangalia mkono wako kabla ya kukusalimia ili ajue umeshika nini maishani. Nilimtuma mshenga, mjomba wangu, katekista mstaafu ambaye maneno hayajawahi kumpungukia. Alipofika akapewa kahawa ya kutafuna, tunayoiita akamwani, kwenye kikapu kidogo kama inavyopasa. Kwetu hiyo ndiyo karibu yenyewe. Mgeni ambaye hajapewa kahawa hajapokewa, hata kama amekalia kiti.

Aliporudi nikamuuliza imekuwaje.

"Kahawa nilipewa," akasema mjomba. "Baadaye mzee akauliza kijana wako anafanya kazi gani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia anatengeneza ukungu."

"Mjomba."

"Ningesemaje sasa? Wewe mwenyewe siku ile ulinionyesha ukungu."

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema kwao ukungu upo wa kutosha, tena wa bure, kila asubuhi. Anataka aione kazi yenyewe. Bila hivyo hatuna mazungumzo."

Basi nikaamua kumpa mzee kazi ambayo asingeisahau, na katika hilo nilifanikiwa. Mchumba wangu alikwenda nyumbani mwisho wa juma, akapiga picha kibanja cha baba yake, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kuanzia njiani hadi kwenye mibuni ya nyuma. Ni kibanja kinachofagiliwa. Ziko sebule Bukoba, tena za watu wenye vyeo, ambazo hazijawahi kuwa safi vile.

Nilijifungia na picha zile. Ukurasa ukifunguka, ukungu unatanda, halafu unainuka polepole na migomba inatokea kama kwaya nyuma ya pazia. Hapo ningeishia, leo nisingekuwa na habari ya kusimulia. Lakini niliona kijani peke yake kimezoeleka mno kwetu. Nikachukua picha ileile, nikaizungusha rangi mpaka majani yakawa dhahabu, nikailaza juu ya ile ya kwanza na kuikata kwa umbo la majani ili dhahabu isimwagike ardhini. Ukisogeza kidole, mgomba wa njiani unaanza kung'aa kwenye ncha za majani. Dhahabu inashuka, inahamia mgomba wa pili, inakwenda safu nzima. Nikaona haitoshi. Nikayafanya majani yainame taratibu, kama yanamwamkia mgeni. Nikaufanya mkungu mmoja uive mbele ya macho yako ukiwa bado mchanga. Machozi yalinilengalenga. Kwa kuitazama muda wote ule, ilikuwa imeacha kuwa migomba, imebaki rangi tu.

Mchumba wangu alifungua, akaona ukungu ukiinuka, kisha kifurushi chake cha intaneti kikaisha. "Nzuri sana," akaniambia. "Mtumie baba."

Nikamtumia.

Jumapili, baada ya ibada, mzee akatoa simu nje ya kanisa, akakohoa ili watu wasogee. Nasimulia kama nilivyosimuliwa. Waliusifu ukungu. Waliitambua njia, na parachichi la mpakani. Kisha jirani wa upande wa bondeni akasogeza kidole, na watu wote wakarudi nyuma hatua moja.

Simu yangu ikaita.

"Umefanya nini na migomba ya baba?" mchumba wangu akauliza.

"Nimeipamba."

"Umeipa mnyauko."

Kwa mtu wa mbali inabidi nieleze. Mnyauko ni ugonjwa wa migomba uliozifanya familia nyingi Kagera zilale bila ndizi jikoni. Jani linageuka njano na kuinama kama limemwagiwa maji ya moto. Mkungu unaiva kabla ya wakati wake, na ndani umeoza. Panga lililokata mgomba mgonjwa likikata mzima, na huo umekwisha. Dawa yake ni kung'oa, kukatakata na kufukia, kisha panga linapitishwa motoni. Mimi nilikuwa nimeziweka dalili zote, kwa mpangilio wake, pamoja na kuhama kutoka mgomba hadi mgomba. Sikusahau hata moja. Mtihani wa kilimo wa masomo ya jioni ningeufanya vile, leo ningekuwa waziri.

Kufika mchana, kijiji kizima hakikutaka kugusa chombo cha mzee. Jirani aliyekuwa ameazima jembe alilirudisha kwa kuliacha barabarani na kupiga ukelele kutoka mbali. Ukurasa ulikuwa umeshaingia kwenye kundi la simu la kwaya, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa unasambaa hata Muleba mjini. Bibi mmoja alipitisha simu yake juu ya moto kama mtu anavyolitakasa panga. Simu ilipona, kava lake halikupona. Wengine walikwenda hadi kwenye kibanja chenyewe, wakaikuta migomba ya kijani imesimama wima, wakatikisa vichwa. Walisema ndivyo unavyoanza, unaanzia ndani.

Mzee akatuita, mimi na mshenga wangu. Ujumbe ulikuwa mfupi: tufike, na kama hatuna maelezo, binti yake atafute fundi cherehani.

Tulipofika tuliwekewa beseni la maji yenye dawa ya madoa mlangoni. Tukaosha viatu. Laptop ikabaki kwenye mkoba wake, juu ya kisiki, mbali na migomba. Tukapewa viti. Kikapu cha kahawa nilikiona juu ya kabati, na hakuna aliyenyanyua mkono kukishusha. Mjomba wangu alikitazama kama mtu anayetazama basi lililomwacha.

"Wewe ndiye uliyeitia ugonjwa migomba yangu," mzee akasema.

"Mzee, ni rangi tu. Kivinjari kinaizungusha."

"Kinaizungusha kuelekea wapi?"

"Kuelekea njano."

"Kwa nini njano? Rangi nyingine ziliisha?"

"Nilitaka ionekane kama dhahabu."

Akamgeukia mjomba. "Katekista, wewe umewahi kupika dhahabu?"

"Hapana, mzee mwenzangu."

"Na kuinama je? Mgomba wangu uliinama kwa ajili gani?"

Nikamwambia ulikuwa unamwamkia mgeni. Shangazi wa mchumba wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na upawa, akasema kwamba migomba ya ukoo wao haijawahi kumwamkia mtu na haitaanza na mimi.

Hapo akafika bibi shamba wa kata kwa pikipiki, na buti zake ndefu, na majirani nyuma yake. Alikuwa ametumiwa ukurasa na watu wengi kuliko waliowahi kumtafuta kwa jambo lolote. Aliingia kibanjani ameinua simu mbele ya uso, akilinganisha mgomba na mgomba. Alipasua mkungu mmoja, akaukuta mweupe na mzima. Akatoka.

"Shambani haupo," akasema. "Kwenye simu upo. Tena umeshika vibaya."

"Si unaona," akasema jirani wa bondeni.

Nikaomba ruhusa ya kuikaribia laptop yangu. Nikaifungua pale kwenye kisiki, watu wamenizunguka kwa umbali wa usalama, nikaifuta ile mistari: mzunguko wa rangi, kuinama, kuiva. Nikasema tayari, tazameni. Simu ya mzee ikaonyesha kijani. Watu wakashusha pumzi. Simu ya jirani wa bondeni ikaonyesha njano.

"Kwangu bado."

Ilikuwa ni kumbukumbu ya kivinjari tu. Simu huhifadhi ukurasa wa zamani ili isichoke kuupakua upya. Lakini jaribu kuwaeleza watu wenye mapanga kwamba ugonjwa umeondoka ila simu inaukumbuka. Nilianza kupita mtu kwa mtu nikisafisha kumbukumbu za simu, na kabla ya kunipa simu kila mmoja alinitaka ninawe.

Kijani kiliporudi kote, nilidhani tumemaliza. Jirani wa bondeni akasema sheria inajulikana: kilichougua kinang'olewa na kufukiwa. Kufuta si kufukia. Kila mtu akamtazama bibi shamba, naye akafikiri, akasema kwa kweli sheria ndivyo inavyosema.

"Ukurasa wa mtandaoni unafukiwaje?" nikauliza.

"Wewe ndiye fundi," akasema mzee.

Nikapanda bodaboda hadi Muleba mjini kuuchapisha ule wa njano, kutoka nakala iliyokuwa imebaki kwenye laptop. Duka la kuchapisha lilikuwa limebaki na wino mweusi peke yake, kwa hiyo migomba yangu ya dhahabu ilitoka ya kijivu kama majivu ya jikoni. Niliporudi nayo mzee aliipokea kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huu umeshakufa," akasema. Sauti yake ilikuwa imelegea kidogo.

Tulichimba shimo mimi na mjomba, katekista mstaafu akiwa na suruali yake ya Jumapili. Bibi shamba alisimamia kina chake. Niliikatakata karatasi kwa panga, kama inavyotakiwa, nikaitupa vipande vipande, tukafukia na kukanyaga. Shangazi akauliza kama laptop nayo haiingii. Shimo lilikuwa bado halijajaa, na naapa watu wengi walilitazama kwa matumaini. Bibi shamba akaniokoa. Alisema laptop ni chombo kama panga, na chombo hakifukiwi, kinatakaswa. Shangazi hakungoja aambiwe mara mbili. Aliisugua kwa dawa ya madoa kwa nguvu zake zote, na herufi zote za katikati zikafutika kwenye vitufe. Mpaka leo naandika kwa kukumbuka zilikokuwa.

Kabla ya kuondoka, bibi shamba alinivuta pembeni. Alisema katika semina zake dalili anazichora kwa chaki, na wakulima humwambia amechora samaki. Akaniomba nimtengenezee ukurasa kama ule, ila kwa kibanja cha mtu mwingine. Nikakubali. Hakuna mkulima Muleba nzima aliyekubali kuwa huyo mtu mwingine. Mwishowe nilitumia migomba iliyo nyuma ya choo cha mama mwenye nyumba wangu Hamugembe, naye hadi sasa anadhani nilikuwa napiga picha ndege.

Tulirudi ndani kunawa. Tukakaa kwenye viti vilevile. Mzee alikuwa na simu mkononi. Alisogeza ukurasa hadi chini: ukungu ukainuka, migomba ikatokea, basi. Akaurudisha juu, akashuka nao tena polepole, akikagua mgomba mmoja mmoja kama anavyofanya asubuhi kwa miguu yake.

"Huu ukungu," akasema, "ni wa saa ngapi?"

"Ule wa alfajiri, kabla jua halijapanda."

"Niliona. Kwa sababu kwenye parachichi unachelewa kuondoka. Ni kweli unachelewa pale." Akaufungua tena. "Itabaki kijani?"

"Itabaki, tata," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba kwa Kihaya, na ulimi uliniponyoka tu.

Mzee akamtazama dada yake mlangoni. Shangazi akaweka upawa chini, akakishusha kikapu kutoka juu ya kabati, akampelekea mjomba kwanza, halafu mimi. Nilichukua punje chache nikazitia mdomoni, chungu, kavu, zenye harufu ya moshi, nikatafuna.

Mzee akazima simu, akaiweka mfukoni na kukaa vizuri.

"Haya, katekista," akasema, kama watu ambao ndio kwanza wanaonana siku hiyo. "Karibuni. Tuambieni mmekuja kufanya nini."