Mzee Aliyemshukuru Homgadi

Ushawahi kuona mtu akimshukuru homgadi, yule askari mwenyeji aliyetulinda kwa niaba ya mkoloni? Mimi nimeona. Alikuwa baba mkwe wangu, mzee Njuki.

Ilikuwa enzi za Emergency, ile hali ya hatari aliyoitangaza mkoloni, pande za Kibugu. Tulitolewa mashambani tukafungiwa kijiji kimoja, nyumba zimebanana mpaka ukipiga chafya, jirani ndiye anakwambia pole.

Mzee alikuwa mtu wa kutembea. Sasa ng'ombe hana na lango limefungwa, akaamua kila alfajiri anakimbia kuzunguka ua kwa ndani. Eti miguu isije ikaoza.

Shida ni kwamba saa hiyo hiyo wanawake wote tunawasha moto, tupike uji kabla ya kuitwa kuchimba handaki la kuzingira kijiji. Na kuni ni mbichi, maana askari hakutupa nafasi ya kuchagua. Wueh, moshi ule haukuwa mchezo. Ulilala tu hapo kijijini.

Mzee akaanza kukohoa. Kifua kikalia filimbi. Akikimbia kidogo, anashikilia ua, midomo imegeuka kijivu.

Mama mkwe, Ciakuthii, akasema ni baridi ya mlima. Basi mzee akirudi, anamketisha karibu kabisa na moto na kumfunika blanketi. Akizidi kukohoa, anaongeza kuni.

Nilimpenda sana yule mzee, na niliona tunaenda kumzika.

Halafu kuna mtu akatoroka. Kijiji kizima kikaadhibiwa: marufuku kuwasha moto asubuhi. Tukaenda handakini na viazi baridi tumboni, tukinung'unika njia nzima.

Haikupita wiki, mzee anazunguka ua akiimba. Kifua kimya. Vijana wanamfuata nyuma wakihema.

Mama akasema Mungu amejibu maombi. Nikamwambia, "Mama, si baridi iliyokuwa inamuua. Ni moshi wetu."

Akaninunia hadi jioni, nami nikamwacha anune.

Adhabu ikaisha. Tukashangilia, lakini mzee akaenda langoni, akavua kofia mbele ya homgadi.

"Mwanangu, asante sana," akasema. "Tafadhali tuongezee adhabu."

Nakwambia wanawake walitaka kumla mzima mzima. Ciakuthii akafika wa kwanza, akamvuta mkono.

"Utakuwa unakimbia alasiri, moto ukiwa umezimwa," akamwambia. "Na ukiomba adhabu tena, nitakupa mimi."

Akatii. Uhuru ulipokuja, bado alikuwa anakimbia, na mama amesimama mlangoni akimkagua.

Nyinyi mnaowatoa wazee wenu asubuhi wakimbie kando ya barabara, magari yakiwatemea moshi usoni, mazoezi ni mazuri. Lakini mzee akikohoa, msikimbilie kulaumu umri wake. Angalieni kwanza anavuta nini.