Msomaji wa Meza ya Kahawa

Shule niliachia darasa la pili, na ghorofa zangu mbili za Ruiru nimezijenga kwa akili yangu mwenyewe. Jana nilimkuta binti yangu akichekea kitabu cha visa vya wanawake. Karatasi zake zilinuka ukungu kidogo, nikajikuta nimerudi utotoni, Thika, shambani kwa mzungu.

Akina mama walikuwa wakichambua kahawa mezani, nami nikiwasomea kitabu kama hicho. Msomaji alikuwa mimi peke yangu! Katika kisa cha siku hiyo, mke alikuwa amemfungia mumewe kwenye banda la mbuzi, na akina mama walikuwa hoi kwa kicheko. Ghafla nikakutana na neno refu, ulimi ukagoma.

“Ngai! Msomaji amekwama!” jirani yetu akanicheka. “Tukuitie mtoto wa mwalimu?”

Mama akainama kama anayeokota punje, akachungulia ukurasa, akaninong’oneza maneno yaliyoandikwa pale: “Nitakupikia mpaka utakaponisamehe.”

Nikayatamka maneno hayo kwa sauti. Meza nzima ikalipuka kwa kicheko. Mimi nikamgeukia mama. Kwa karani wa shamba na kwa askari, mama alikuwa akitia dole gumba tu, kama asiyejua hata herufi moja.

“Mama, kumbe unajua...”

Akanibana mkono mpaka ukaniuma. “Nyamaza, baba. Hapa anayejua kusoma ni wewe tu.”