Mamamkwe Kwenye Duka la Dawa

Nakumbuka siku moja pale Geita, mwanangu, nilinunua dawa ya mafua ilhali sina mafua. Nyuma yangu walipanga foleni wachimbaji, matope ya mashimo ya dhahabu yamewakaukia miguuni, na ulimi wangu ukagoma kutaja nilichofuata.

Nilikuwa na mtoto mchanga, aliyezaliwa kwa upasuaji. Nesi alinionya kwamba mimba nyingine ya haraka ingeweza kuniua. Tukawa tunatumia kondomu. Siku moja kabla ya siku ile ya dukani, moja ikapasuka. Mume wangu akarudi machimboni, nikabaki na hofu.

Mamamkwe alikuwa amekuja kutoka Kishapu kunilelea mtoto. Mayu, ndivyo nilivyomwita, mama kwa Kisukuma. Niliporudi na ile dawa ya mafua, alinikuta nalia. Mambo ya chumbani hayasemwi mbele ya mkwe, najua. Lakini mficha uchi hazai, na mimi ningeuficha, ningezaa nikafa. Nikamwambia.

"Mimi nilivaa pigi kiunoni, kijiti cha mganga cha kuzuia mimba," akasema, "nikazaa tisa. Inuka twende."

Dukani akapaza sauti: "Mwanangu, nipe vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba!"

"Bibi, bado upo kazini?" mchimbaji mmoja akatania.

"Nipo! Mama yako angevijua, leo foleni ingekuwa fupi."

Wakacheka hata wakanisahau. Muuzaji akanielekeza kwa upole, nikameza palepale. Hedhi ilipokuja, Mayu alichinja kuku, wala hakusema tunasherehekea nini.

Basi, mwanangu, kinga ikipasuka, ukiisahau, au ukilazimishwa, usingoje siku ya mnada wa kila wiki. Nenda duka la dawa au zahanati siku hiyohiyo. Vidonge hivi huweza kusaidia hadi siku ya tano, ila kila unapochelewa nguvu zake hupungua. Ukitapika ndani ya saa mbili, rudi uulize. Havitoi mimba iliyokwisha kutunga, havileti ugumba. Ukimwi havizuii; ukihofia huo, wahi hospitali kabla siku tatu hazijapita, nao una dawa yake ya kukinga. Na hivi ni vya dharura tu. Njia ya kila siku kaa uichague na nesi.

Aibu huisha, mwanangu, maisha hayarudi. Mungu akujalie watoto utakaowapokea kwa vigelegele, na mwili wenye nguvu za kuwabeba.