Nimeimba Yangu, Yakamfika Mama Mkubwa

Admin, jina langu usilitaje, na mtaa uishie Bawshar tu, maana Muscat hii watu wa Unguja tunajuana mpaka kwa mwendo.

Mie msichana wa miaka ishirini na nne, sijaolewa. Mama yangu mzazi alifariki nna miaka mitatu, akanichukua dada yake, Mama Mkubwa, na ndiye niliyemjua kuwa mama. Leo mwezi wa saba hasemi na mimi, na tunaishi nyumba moja. Chakula changu anakifunika mezani, anapanda juu, anafunga mlango. Salamu haitikii. Wallahi bora angenipiga.

Chanzo ni nyimbo. Nimeanza kutunga nikiwa skuli, miaka ya tisini. Nilikuwa najirekodi kwenye kanda za mumewe, Baba Mkubwa, nafuta harusi za watu naweka sauti yangu. Nikakamatwa, nikachapwa, nikaendelea. Natunga kwa Kiswahili na Kiarabu pamoja, kama tunavyosema nyumbani. Skuli wenzangu wakinicheka Kiarabu changu, "Zinjibariyya huyo!" yaani Mzanzibari. Tukienda Unguja likizo, na mie nimehesabu siku za kufika kwetu, binamu zangu wananicheka Kiswahili. "Mpisheni mgeni kiti!" Ati mgeni! Neno lile likanikaa moyoni miaka.

Nikaja kulitungia wimbo. Kiitikio nikakitia Kiswahili: "Mgeni nyumbani mwangu, nabisha hodi kwangu." Beti zote za Kiarabu, na humo ndimo nilimosema kila kitu, skuli, Unguja, binamu. Nikajiona hodari kweli. Wakati huo nshaanza kuimba na kikundi cha wanawake, kwenye kumbi za wanawake tu, na wimbo ule nikautoa mara ya kwanza harusini kwa jamaa zetu huko Hail.

Sasa jueni kilichokuwepo nyumbani. Baba Mkubwa alikuwa ameoa mke wa pili, mwaka haujatimia, na siku nyingi yuko huko. Mke mdogo alialikwa pia, na dada yake. Nilipofika kwenye kiitikio, yule dada akainuka kuja kunitunza. Wanaojua taarabu washaelewa: macho ya anayetunza yakienda kwa mtu, basi wimbo ni wa mtu huyo. Akaja anacheza taratibu, noti juu, macho kwa Mama Mkubwa. Ukumbi ukageuka, vigelegele! Na mie mjinga, nadhani wimbo umependwa, nikakirudia kiitikio mara tatu. Mama Mkubwa akavaa baibui lake akatoka.

Bibi zetu waliozaliwa Unguja Kiarabu hawakifuati sana, wakashika kiitikio. Waarabu wakashika beti. Wanaojua lugha zote mbili walikuwa washageuka kumtazama Mama Mkubwa. Hakuna mtu hata mmoja aliyeusikia wimbo wangu wote, jamani.

Nyumbani nikamwangukia miguuni. "Mama, wallahi sikukuimba wewe. Wimbo ule wangu mie."

Akanitazama. "Wako? Wewe umekuwa mgeni humu ndani? Nilikunyima nini?"

Nikisema si wangu, basi nimemvua nguo mbele za watu. Nikisema wangu, nimemwambia miaka ishirini ya kunilea haikutosha. Nikanyamaza, na yeye akauchukua ukimya wangu kuwa jibu.

Nimekuwa mpweke, sikufichini. Nikitoka kazini nakaa ndani ya gari mbele ya nyumba, sitaki kuingia. Sijatunga hata mstari tangu siku ile.

Na sasa mwenye studio mmoja Wadi Kabir ameusikia wimbo kwa watu, ananiita Jumamosi ijayo nikaurekodi. CD yangu ya kwanza, yenye jina langu! Nikamuomba niimbe mwengine. Akasema, "Bila huo usije." Nikaazimia nisende.

Lakini juzi nimerudi baada ya Alasiri, nikasikia sauti jikoni. Mama Mkubwa anasukuma chapati, anaimba. Kiitikio changu! Kila pumzi mahali pake, machozi yanamtoka, anayafuta kwa mkono wenye unga. Aliponiona akanyamaza, akafungua mfereji akanawa. Nilikaa chumbani kwangu nikalia mpaka nikaumwa na kichwa.

Haya, nyie wenye mama, nambieni. Niende Jumamosi nikauimbe wimbo kwa jina langu, watu wote wajue? Au nimfuate nimwambie uongo, kwamba ndiyo, nilikuimba wewe, nisamehe, chukua uwe wako? Kwa sababu nikimwambia tena ni wangu, nitamnyang'anya kitu pekee kinachomliza akapata nafuu. Mwenye kuona njia anioneshe, nakuombeni. Tuko wawili katika nyumba nzima, sote tunaimba wimbo mmoja, na hatusemeshani.