Kikao Ndani ya Boti Isiyokauka

Karakana yetu iko Bongwe, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, chini ya mabati tuliyoyainua juu sana ili harufu ya resini, gundi yetu ya kuundia boti, ipate pa kutokea. Tuko wawili: mimi, mzaliwa wa Msambweni, na mwenzangu aliyetoka bara kuja kufanya kazi hotelini Diani, akaishia kuipenda bahari kuliko hoteli. Sote tulijifunza faiba, ule utando wa nyuzi za kioo unaogandishwa kwa resini, kwa kuziba matundu ya boti za watalii. Boti nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, tulikuwa tumeunda chache tu, na zote zilikuwa za faiba tupu, nzito, za kusukumwa na wanaume wengi kwa kelele nyingi.

Kisha shangazi yangu akaja na maneno yake.

Shangazi na wenzake wa kikundi hulima mwani kwenye maji mafupi, kusini ya Msambweni. Huufunga kwenye kamba, huungoja ukue, kisha huuvuna na kuuleta ufuoni ukiwa bado unachuruzika maji. Anayeujua mwani mbichi anajua uzito wake. Miaka yote walikuwa wakiuburura kwa magunia, shingo na viuno vikiwauma, au kuwabembeleza wavuvi wawasaidie.

"Tunataka boti," aliniambia. "Lakini si kama zile zako za Diani. Tunataka ya kusukuma sisi wenyewe mchangani, tusimwite mwanamume yeyote."

"Hata mimi, shangazi?"

"Wewe utaitwa kula."

Basi tukaamua kuunda boti ya tabaka tatu: ngozi nyembamba ya faiba kwa nje, ngozi nyingine kwa ndani, na katikati yake vibao vya povu gumu, vyepesi hata upepo wa kusi unaweza kuvipeperusha. Boti ya namna hiyo ni nyepesi na ina nguvu, mradi vibao viwe vimeshikana barabara na ngozi. Pakibaki hewa katikati, hata mahali padogo, hapo ndipo ngozi itakapobanduka siku boti ikipigwa na mawimbi. Kwa hiyo unapaka uji mzito wa resini, unalaza vibao, unafunika boti yote kwa plastiki, unabandika kingo zake zisipitishe hewa, kisha pampu inafyonza. Plastiki inakaza na kuvikandamiza vibao kila upande mpaka resini ikauke. Tulikuwa tumelifanyia jaribio jambo hilo kwenye kipande kidogo, likakubali. Tukajiona mafundi wakubwa.

Siku ya kubandika, asubuhi, kila kitu kilikwenda sawa. Ngozi ya nje ilikuwa imekwisha kukauka ndani ya kalibu, lile umbo linaloipa boti sura yake. Tulipaka uji kwa mwiko wa meno, tukalaza vibao kimoja baada ya kingine, tukafunika plastiki, mwenzangu akawasha pampu. Plastiki ikajikunja, ikashika. Tukatazamana tukicheka.

Pampu ikanyamaza.

"Stima imepotea!" mwenzangu alipiga kelele. "Aisee, sasa hii kitu itainuka yote!"

Alitimua mbio kwa jirani yetu fundi wa kuchomelea vyuma, kuazima jenereta. Akarudi mikono mitupu: jenereta ilikuwa imekwenda Kinango, harusini, kupiga muziki. Plastiki ilikuwa inalegea mbele ya macho yangu. Pale boti inapojipinda, kati ya sakafu na ubavu, vibao vilianza kujinyanyua polepole, na resini haingoji mtu. Tulikuwa na magunia machache ya mchanga, tukayatupia sakafuni. Hayakufika hata nusu yake, na ubavuni gunia halikai. Niliiona kazi yetu yote, na matumaini ya wale kina mama, vikiharibika huku nimesimama.

Hapo ndipo tuliposikia, "Hodi wenyewe!"

Lilikuwa kundi zima la shangazi, wamevaa leso zao nzuri, na beseni la mahamri limefunikwa. Walikuwa wamekuja kuitazama boti yao.

"Shikamoo, shangazi. Shikamooni nyote," nilisema, na sijui sauti yangu ilikuwaje, kwa maana shangazi hakuitikia marahaba. Aliuliza, "Kuna nini?"

Nilimweleza kwa haraka. Aliitazama boti, akayatazama yale magunia, akawatazama wenzake, ambao kusema kweli wengi wao wamejaaliwa miili.

"Si unataka uzito?" akasema. "Uzito ndio huu."

Mmoja wao alikuwa mjamzito. Huyo nilimwomba akae mbali, kule kwenye kinu, asivute harufu ile. Wengine walivua viatu, wakajifunga leso puani, tukawashika mikono kuwaingiza mmoja mmoja. Tuliweka vipande vya plaiwudi juu ya plastiki ili uzito usambae, wakakaa sakafuni kwa safu mbili wakielekeana, migongo imeegemea ubavu huu na ule, na nyayo zikisukuma pale penye mpindo. Mwenzangu na mimi tulizunguka tukisema, huyu asogee huku, yule akaze mgongo.

"Sasa msitikisike," niliwaambia. "Mkitikisika, vibao vitateleza. Na tafadhali, msicheke."

Lilikuwa kosa kuwaambia wasicheke. Mara yule mjamzito akapaza sauti kutoka kinuni, "Nahodha, mmefika wapi?"

Shangazi alijibu bila kugeuza shingo, "Tunakaribia Pemba!"

Mabega yakaanza kutetemeka. Mmoja aliuma leso. Mwingine alifumba macho akawa anaomba Mungu kwa sauti amwondolee kicheko. Mwenzangu akawasihi, "Mama zangu, please, mnisikize, hata kupumua mpumue pole pole," na Kiswahili chake cha bara kikazidi kuwaua. Shangazi ndiye aliyeshindwa kabisa: alicheka kimyakimya, mwili mzima, machozi yakimtiririka, huku nikimwamrisha akaze nyayo.

Dawa ikapatikana kwa kuimba. Yule wa kinuni alianzisha wimbo wa harusi, wa mwendo wa taratibu, nao wakaupokea chini kwa chini, wakibadilisha maneno, bibi harusi akawa boti. Mwenye kinu alizima mashine yake ya dizeli ili asikilize. Wateja waliokuja na mahindi waliketi juu ya magunia yao. Mimi nilishika kopo lenye mabaki ya uji, maana kopo ndilo linalokwambia boti imefika wapi. Likaanza kupata joto, kama resini inavyofanya inapoganda, likawa moto kama sufuria ya chai, nikaliweka nje mchangani. Likapoa. Nikalibonyeza kwa ukucha, ukucha haukuingia. Nilisubiri zaidi, kwa kuwa boti hukauka baada ya kopo, na wao wakaendelea kuimba ingawa miguu ilikuwa imekufa ganzi.

"Tayari," nilisema mwishowe.

Hakuna aliyeweza kusimama peke yake. Tuliwainua mmoja mmoja, wakiguna na kucheka kicheko chote walichokuwa wamekizuia, na mahamri yakaliwa na kila aliyekuwepo, mwenye kinu na wateja wake wakiwemo.

Kesho yake tulibandua plastiki. Nilipita boti yote nikigonga kwa mpini wa bisibisi na kutega sikio. Palipogandana hulia kwa sauti kavu, ya kujaa. Penye hewa hulia kama debe. Nilikuta mahali pamoja tu palipolia debe: upana wa sahani, chini ya nyayo za shangazi. Tulitoboa vitundu vidogo, tukaingiza resini kwa sindano ya duka la dawa, pakajaa. Wenzake walipopata habari walimwita Tundu la Kicheko, na mpaka leo anaitika.

Tulilaza ngozi ya ndani, tukapiga rangi ya kijani waliyoichagua, na siku moja maji yalipokuwa yamekupwa tukaishusha boti kutoka kwenye pikapu, ufuoni kwao. Mwenzangu alikunja mikono ya shati. Wakamwambia akae. Walijipanga ubavuni, shangazi akahesabu, nayo ikaenda, ikateleza juu ya mchanga wenye maji bila kusita, kwa kasi hata waliokuwa nyuma walilazimika kukimbia. Vigelegele vilipigwa mpaka watoto wakatoka chuoni, walikokuwa wakisoma Kurani, kutazama.

Iliporudi kutoka kwenye kamba zao ilikuwa imejaa mwani mpaka juu, na bado imetulia sawasawa majini. Waliupakua kwenye vichanja vya kuanikia. Kisha shangazi akanipungia mkono.

"Njoo upande botini."

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Kaa."

Nikaingia na suruali yangu ya kazi, wakanisukuma hadi maji ya kiunoni, shangazi na mwenzake mmoja wakapanda na kushika pondo za kuisukumia boti. Nilikaa katikati kama mgeni wa heshima. Chini yangu maji yalikuwa yakigonga ngozi ya boti kidogokidogo, na kwa mazoea nikatega sikio. Halafu nikaacha, nikamuuliza shangazi kama na leo kuna mahamri, si alisema nitaitwa kula.