Mkwe Nisiyemtazama: Wiki ya Mafunzo ya Rigi Kitale

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya majiko. Shule ya bweni niliyoipikia hapa Bungoma miaka mingi ilileta majiko mapya ya mvuke, na majiko ya mvuke hayataki wapishi wengi. Tukaombewa dua, tukapewa blanketi, tukarudi makwetu. Nilikaa nyumbani nikipika na kumwaga, maana mkono wangu haujui kupika chakula cha mtu mmoja. Ndipo mwenzangu wa kanisani akaniambia kwamba kuna kambi Turkana, kule wanakochimba visima vya mafuta, na kambi hiyo inatafuta wapishi.

"Lakini ati hata mpishi lazima asomee rigi kwanza," akasema. "Kitale. Wiki moja. Bila cheti hawakuchukui."

Rigi ni ule mtambo mrefu wa chuma unaochimba kisima cha mafuta au gesi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mimi, mjane mwenye wajukuu, nisomee rigi ndipo niruhusiwe kusonga ugali! Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa nakitaka.

Jumapili, baada ya ibada, nilipanda gari dogo la probox la jirani aliyekuwa anapeleka vitunguu Kitale. Tulipita Chwele, tukapita Kimilili, mlima Elgon ukiwa upande wetu wa kushoto na mawingu kichwani. Baada ya Kamukuywa mashamba yalianza kupanuka. Kwetu mahindi hupandwa hadi mlangoni kwa sababu ardhi ni kidogo; Trans-Nzoia mahindi yanakwenda mpaka jicho linachoka. Jirani yangu alinisimulia bei ya vitunguu njia nzima. Mimi nilikuwa nikijiuliza kama buti zitanitosha, maana nina miguu mipana ya kusimama jikoni.

Jumatatu asubuhi nilifika kwenye uwanja wa mafunzo, nje kidogo ya mji. Ni chuo kidogo chenye madarasa mawili ya mabati, kreni moja kuukuu, matangi ya maji, na mfano wa rigi usiozidi urefu wa mnara wa kanisa letu. Tulipewa ovaroli, kofia ngumu na buti. Buti zilinibana, nikazivaa hivyo hivyo. Wakati wa chai nilikuwa nimeshika kikombe changu nilipomwona kijana akitoka kwenye kona ya tangi. Aliniona. Kikombe chake kikainama, chai ikamwagika, naye akarudi nyuma ya tangi mbio.

Alikuwa Wafula, mume wa binti yangu Nekesa.

Nekesa alikuwa ameniambia kwamba mumewe amekwenda Kitale kutafuta. Hakuniambia kutafuta nini, wala mimi sikumwambia habari za rigi, nikiogopa kuchekwa nikishindwa. Sasa ili msomaji wa mbali anielewe, kwetu sisi Wabukusu mama na mume wa binti yake hawachezi pamoja. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, yeye huiacha njia, akageuka, akangoja mama mkwe apite. Mimi siingii nyumbani kwake. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, tena heshima kubwa, na Wafula aliniheshimu vizuri sana. Tangu harusi nilikuwa namjua kwa kisogo tu.

Wiki ile nzima ikawa maficho. Darasani yeye alikaa pembe ya nyuma, mimi mbele karibu na mlango. Nikiingia kula, yeye anatoka na sahani yake kwenda kula karibu na kreni. Vijana wa Kitale walimcheka kwa kumkimbia mama, "Wafula, niaje, unahepa mathe?" naye akaendelea kutafuna. Nilimhurumia. Chakula cha jua kali hakishuki vizuri.

Mwalimu wetu aliitwa Njoroge, mzaliwa wa Kitale. Babu yake alitoka Nyeri akaja kulima huku, lakini yeye mwenyewe jembe lilimshinda, akaenda kufanya kazi kwenye rigi za nchi za watu mpaka nywele zikaota mvi. Alikuwa mkali wa sauti na mpole wa moyo. Alitufundisha kushuka ngazi tukitazama ngazi, mkono mmoja ukiwa kwenye chuma wakati wote. Alitufundisha gesi inayonuka kama mayai viza.

"Ukiisikia harufu, shukuru Mungu," akasema. "Ikizidi inaua pua kwanza. Hausikii kitu tena, unadhani imeisha, kumbe ni wewe unaisha. Sasa utajua aje pa kukimbilia?"

"Tunaangalia ile soksi ya kitambaa inayoonyesha upepo," nikajibu. "Halafu tunakimbia kando, tusiufuate upepo."

"Huyu mama ako sawa! Nyinyi vijana mko wapi?"

Nilifurahi kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini somo lililonishangaza zaidi lilikuwa la kusimamisha kazi. Mwalimu alisema kwenye rigi mtu yeyote akiona hatari, awe bosi au mfagiaji, anakunja mikono miwili juu ya kichwa kama msalaba na kupaza sauti, "Simama!" Na kila kitu kinasimama, hakuna kuulizwa wewe ni nani. Niliinua mkono.

"Hata mpishi?"

"Hata mpishi."

Sikuamini. Nimepikia wakubwa maisha yangu yote, na sijawahi kumwona mkubwa akisimama kwa sababu ya mpishi.

Alhamisi asubuhi ndipo jambo lenyewe lilipotokea. Kikundi cha Wafula kilikuwa uwanjani kikijifunza kupokea mzigo wa mabomba ya kuchimbia kutoka kwenye kreni. Mmoja anamwonyesha dereva ishara kwa mikono; mwingine anashika kamba ndefu iliyofungwa kwenye mzigo ili usizunguke. Mwenye kamba anasimama mbali, kwenye njia iliyopakwa rangi ya manjano. Kando ya njia hiyo kuna mstari mwekundu, na ndani ya mstari huo haingii mtu mzigo ukiwa hewani. Sisi wapishi na wafagiaji tulikuwa tunapitishwa njia hiyo hiyo ya manjano kwenda kujifunza kuzima moto. Mimi nilikuwa mbele.

Wafula alikuwa ameshika kamba. Akanisikia, akageuka kidogo, akaniona niko karibu. Akafanya alichofundishwa tangu utotoni. Aliinamisha macho, akaiacha njia ili nipite, akasogea kando hatua kwa hatua, akavuka mstari mwekundu akiwa amenipa kisogo. Kamba ikalegea mkononi mwake. Juu yake mabomba yalikuwa yanashuka.

Nilikunja mikono juu ya kichwa nikapiga kelele, "Simama!" Lakini dereva wa kreni alikuwa anamtazama mtu wa ishara, na mtu wa ishara alikuwa anayatazama mabomba. Nikaita tena, mara hii nikamwita kwa jina lake. Hakuinua uso. Sijui kama aliona aibu kuitwa na mimi au hakusikia. Basi nikaruka, nikamshika ukosi wa ovaroli kwa mikono yote miwili, nikamvuta kama ninavyovuta gunia la maharagwe. Tukaanguka pamoja kwenye njia ya manjano, yeye juu ya miguu yangu. Mabomba yakatua pale aliposimama, na ardhi ikatetemeka chini ya mgongo wangu.

Wafula alifumbua macho akaniona uso kwa uso. Akayafumba tena upesi. Mimi nilianza kulia, na sioni haya kulisema.

Mwalimu Njoroge alikuja akikimbia. Alituangalia kama tumeumia, kisha hasira ikampanda.

"Wewe mama, hakuna kumfuata mtu chini ya mzigo! Leo tungebeba wawili. Na wewe kijana, nilisema siku ya kwanza: mwenye kuingia pale anaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Chukua begi yako."

Wafula hakujitetea. Angejitetea vipi mbele yangu? Alivua kofia, akaanza kutembea kuelekea madarasani. Nikamwona anavyokwenda, nikamkumbuka Nekesa na mtoto wao mchanga, ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu, hospitalini alipozaliwa, kwa kuwa siingii kwao. Nikajua kama kijana huyu atafika nyumbani bila cheti, atakuwa amekikosa kwa kuniheshimu mimi.

"Mwalimu," nikasema, "nina neno. Lakini kwanza mwambie huyo kijana aende nyuma ya tangi."

"Kwa nini?"

"Siwezi kumwongelea akiwa mbele yangu."

Wafula akaenda nyuma ya tangi kwa hiari yake, hata kabla hajaambiwa. Nikamweleza mwalimu yote: huyu ni mume wa mtoto wangu, na kuniachia njia si uzembe, ni malezi. Mwalimu alivua miwani akaifuta.

"Hata kwetu tunaheshimu wakwe," akasema taratibu. "Lakini si ungeniambia Jumatatu, mama? Nimekuwa nikidhani huyu kijana ako na kiburi."

"Ningesemaje? Haya ni mambo ya nyumbani."

"Huko Turkana mtakuwa kambi moja. Yeye kazi yake ni mizigo, wewe unapita na chakula. Kila siku atakuachia njia, ama?" Akaendelea, "Kwa rigi kila mtu ni macho ya mwingine. Mkiwa hamwezi kuangaliana, siwezi kuwapa cheti. Si yeye peke yake. Nyinyi wote wawili."

Halafu akatoa masharti yake. Mchana kazi ile itarudiwa. Wafula atashika kamba, mimi nitasimama upande wa pili wa mzigo kama mwangalizi. Wafula ataangalia mzigo na uso wangu tu, mpaka mabomba yatue. Nikiona hatari, nitakunja mikono, na mtu wa ishara atakuwa ananiangalia. Akiinamisha macho hata mara moja, au mimi nikiyageuza yangu, wote tunarudi Bungoma.

Sikula mchana huo. Niliogopa vibaya. Nilifikiria wazee wa upande wa Wafula, nikafikiria wanawake wa kanisani wakinong'ona kwamba Mama Nekesa amekaza macho kwa mkwewe mbele ya watu. Kisha nikafikiria mabomba yale. Nikatuma neno nyuma ya tangi kupitia kwa mwalimu, kwa sababu mazoea hayaishi kwa saa moja: "Mwambie mimi niko tayari, kama yeye yuko tayari."

Mwalimu akarudi. "Anasema, mama akisema sawa, ni sawa."

Alasiri kreni iliinua mzigo tena. Nilisimama mahali nilipoonyeshwa, nikainua uso, na ng'ambo ya mstari mwekundu Wafula akainua wake. Miaka yote hiyo sikujua kwamba mkwe wangu ana pengo dogo la meno na kovu kwenye nyusi. Sikujua ni mdogo hivyo. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini macho aliyaacha kwangu. Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni, kisha ikashuka, nikabaki na huruma tupu. Nilimwona kama nilivyowaona watoto wa shule wakipanga foleni na sahani siku ya kwanza ya bweni.

Mzigo ukateremka. Katikati ya safari yake upepo wa mlimani ukaja, mabomba yakaanza kugeuka upande wa Wafula. Nikakunja mikono juu ya kichwa.

Kreni ikasimama palepale. Injini ikapunguza sauti, mtu wa ishara akaganda, vijana wote wakaganda. Kila kitu katika uwanja ule kilinyamaza kwa sababu mpishi ameinua mikono. Wafula alivuta kamba akauweka mzigo sawa, akiniangalia nimwambie. Nikashusha mikono. Mabomba yakatua.

"Sasa hiyo ndiyo kazi, bana!" Mwalimu Njoroge akapiga makofi. Mimi na Wafula tukageukiana migongo papo hapo, kila mmoja akaenda zake, na vijana wakacheka. Safari hii Wafula naye alicheka. Nilimsikia.

Jumamosi tulipewa vyeti. Yeye aliitwa wa kwanza na mimi wa mwisho, nadhani mwalimu alipanga hivyo kwa makusudi. Kituoni Kitale Wafula aliniona nimepata gari, akabaki nyuma kungoja jingine. Njiani nilifikiria niliyojifunza. Mila yetu ni nzuri, sitaiacha, na nyumbani Wafula ataniachia njia mpaka nife. Lakini waliotuwekea mila hiyo walituwekea kwenye vijia vya mashambani, ambako ukiacha njia unakanyaga nyasi. Hawakujua kwamba siku moja watoto wao watafanya kazi chini ya chuma. Kwenye rigi, kumheshimu mtu ni kumtazama.

Kabla ya kufika Bungoma nilishuka Kibabii, nikatembea mpaka kwa Nekesa. Sikuingia. Nilisimama nje ya ua kama kawaida, nikamwita, akatoka na mtoto mgongoni. Nilitaka aisikie kwangu kabla hajaisikia kwa wengine. Nilimweleza yote, mabomba, ukosi wa ovaroli, jinsi tulivyoanguka, jinsi tulivyotazamana.

Nekesa alikaa chini kwenye nyasi.

"Ulimshika, mama?" akauliza.

"Nilimshika. Wazee wakitaka kunitoza mbuzi, wanitoze."

Alifungua leso polepole, akamtoa mtoto mgongoni akiwa bado amelala, akanipitishia juu ya ua.

"Basi mshike na huyu," akasema.